Kioo na chuma, kipi kigumu?

Swali lilitoka dawati la nyuma, zikiwa zimebaki dakika chache kipindi kiishe. "Mwalimu, kati ya kioo na chuma, kipi kigumu?" Nikajibu papo hapo: chuma. Kijana hakubisha. Alikuja mbele na msumari mrefu na kipande cha kioo alichokuwa amekizungushia kitambaa upande mmoja. Akaupitisha ule ukingo wa kioo juu ya msumari, ukabaki na mstari mwembamba unaong'aa. Kisha akageuza, akasugua kioo kwa ncha ya msumari, akafuta vumbi kwa kidole gumba. Kioo kilikuwa safi. "Sasa mbona chuma ndicho kimeumia?"

Nilimwomba anipe hadi kipindi kinachofuata. Jioni ile nilikaa na daftari na kugundua kwamba swali lake halikuwa moja. Yalikuwa manne au matano yaliyofungwa kwenye neno moja, na mimi nilikuwa nimelifundisha somo la sifa za yabisi kwa miaka bila kulifungua hilo fundo. Tangu siku hiyo mada hii huwa naianzia kwa msumari wake.

Neno "ngumu" tumelibebesha mizigo mingi mno. Kitu kisichokwaruzika tunakiita kigumu. Kisichopinda, kigumu. Kisichokatika, kigumu. Kilichodondoka sakafuni kikaokotwa kizima, nacho kigumu. Kumbe sifa hizi hazifuatani. Kioo kinaushinda msumari kwa kukwaruza: kwenye ngazi aliyoipanga Friedrich Mohs mwaka 1812, ambayo talki iko kwenye 1 na almasi kwenye 10, kioo cha dirisha kiko karibu na 5.5 na msumari wa kawaida uko chini yake kidogo. Lakini viangushe vyote viwili uone.

Nadhani lugha yetu imelijua jambo hili siku nyingi, ila imelihifadhi mahali tusipopaangalia. Kwenye vivumishi tuna ngumu, laini, imara, dhaifu, tumemaliza. Nenda kwenye vitenzi. Ubao hunepa. Fimbo hunesa. Waya hupinda. Bati hubonyea. Kamba hukatika, chaki humeguka, kioo hupasuka, mpira hunyumbuka, udongo wa mfinyanzi hufinyangika. Hakuna anayesema kioo kimefinyangika au udongo mbichi umepasuka vipande kwa kubonyezwa. Kila kitenzi kimeshabeba matokeo ya jaribio ambalo wazee walilifanya kwa mikono yao. Kwa hiyo siku hizi siwaulizi wanafunzi kitu fulani ni kigumu kiasi gani. Nawauliza: kikizidiwa, kinafanya nini?

Tuanze na kunepa, maana hapo ndipo pana siri ambayo watu wazima wengi hawajaitafakari. Weka kitabu juu ya meza. Kitabu kinaisukuma meza chini, na tunafundishwa kwamba meza inakisukuma kitabu juu kwa kani ileile. Meza inajuaje isukume kiasi gani? Ukiongeza kitabu cha pili, nani anaiambia iongeze nguvu? Jibu ni kwamba meza imenepa. Imenepa kidogo sana, jicho halioni, lakini atomu zake zimesogezwa kutoka mahali zinapopendelea kukaa, nazo zinasukuma ili zirudi. Zinasukuma sawasawa na zilivyosogezwa. Nzi akitua juu ya daraja la zege, daraja linanepa. Hakuna yabisi inayobeba mzigo bila kubadilika umbo hata chembe, kwa sababu huko kubadilika umbo ndiko kubeba kwenyewe.

Robert Hooke aliliona hili kwenye springi na waya. Mwaka 1676 alichapisha herufi zilizovurugwa makusudi, ceiiinosssttuv, ili mtu mwingine asimnyang'anye ugunduzi kabla hajawa tayari. Mwaka 1678 akazipanga: ut tensio, sic vis. Kwa Kilatini ni kusema kwamba kinavyovutika ndivyo ilivyo kani. Alidai alikuwa amelijua jambo hilo miaka 18 nyuma. Vitabu vingi vya shule huichora sheria yake kama mstari mnyoofu kisha vinaishia hapo, na hilo hunisikitisha, maana sehemu tamu inaanza pale mstari unapokoma.

Kabla ya kufika huko, kuna namba moja ya kuielewa. Chukua waya wa chuma cha pua wenye urefu wa mita 1 na unene ambao mkato wake una eneo la milimita mraba 1. Ning'iniza kilo 10. Kani ni nyutoni 98, na ukiigawa kwa eneo unapata mkazo wa megapaskali 98. Waya utarefuka karibu nusu milimita. Waya wa alumini wa vipimo hivyohivyo utarefuka milimita 1.4 hivi. Tofauti hiyo inatoka kwenye sifa ambayo mimi huiita ukakamavu, na kipimo chake tunakiita moduli ya Young, kwa jina la Thomas Young aliyeieleza katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1807, ingawa Giordano Riccati alikuwa ameshafanya majaribio ya namna hiyo mwaka 1782. Chuma cha pua kina takriban gigapaskali 200. Shaba, 120. Alumini, 70. Mbao ikivutwa kufuata nyuzi zake, 10 hivi. Almasi inavuka 1,000. Na kioo? Kioo kina karibu 70, sawa na alumini.

Huwa narudia namba hiyo mara mbili darasani. Kioo na alumini vinanepa sawa. Ukitengeneza fimbo mbili za unene mmoja, moja ya kioo na moja ya alumini, ukazibana upande mmoja na kutundika kijiwe upande wa pili, zitainama kiasi kilekile. Mpaka hapo hakuna wa kumtofautisha mwenzake. Tofauti inakuja ukiongeza vijiwe.

Na ukakamavu una ukaidi wake. Fundi anaweza kukichukua chuma cha pua, akakipasha moto hadi kiwe chekundu, akakizamisha majini, akakipata kikiwa na uwezo wa kubeba mara kadhaa ya ule wa mwanzo kabla ya kupinda jumla. Moduli yake ya Young, hata hivyo, haitatikisika kwa kiasi cha maana. Ukakamavu unatoka kwenye vifungo baina ya atomu jirani, na moto wa fundi hauvigusi vifungo hivyo. Unachogusa ni mpangilio. Kwa hiyo mtu mwenye boriti inayonepa kupita kiasi akikimbilia kununua chuma "imara zaidi" chenye vipimo vilevile, boriti itanepa vilevile. Anachohitaji ni kubadilisha umbo, aipe boriti kimo zaidi.

Sasa chukua kibanio cha karatasi, kile kidogo cha waya. Kinyooshe. Ukikipinda kidogo na kukiachia, kinarudi. Hiyo ndiyo sheria ya Hooke. Kipinde zaidi, mahali fulani utahisi kimekubali. Vidole vinajua kabla macho hayajaona. Ukiachia, kinarudi kidogo tu na kubaki na kona. Sasa jaribu kuinyoosha ile kona iwe kama mwanzo. Huwezi. Waya utapinda pembeni ya kona, upande huu na upande ule, na kona yenyewe itabaki na kijinundu. Mahali ulipopapinda pamekuwa pagumu kuliko mahali ambapo hujapagusa. Endelea kupinda huku na huku kwa haraka, kisha gusa waya kwenye mdomo wa juu: umepata joto. Halafu, baada ya mara kadhaa, unakatika.

Kichezeo hicho kimebeba karibu karne nzima ya fizikia. Mwaka 1926 Yakov Frenkel alipiga hesabu ya kani inayohitajika ili tabaka moja la atomu kwenye fuwele, yaani yabisi ambayo atomu zake zimejipanga kwa safu, liteleze juu ya jingine, atomu zote kwa pamoja. Akapata jibu kubwa mno. Fuwele safi za metali zilikuwa zikikubali kupinda kwa mkazo mdogo kuliko huo mara mia kadhaa, nyingine mara maelfu. Hesabu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kudhani kwamba atomu zote huteleza kwa pamoja.

Ukitaka kusogeza zulia zito lililojaa chumba, ukilivuta kwa ukingo wake utatokwa jasho bure. Lakini tengeneza mkunjo upande mmoja, kisha usukume huo mkunjo kwa mguu hadi utokee upande wa pili. Zulia zima limesogea upana wa mkunjo, na wakati wowote kipande kilichokuwa kikitembea kilikuwa kidogo tu. Mwaka 1934 watu watatu, Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walisema metali hufanya hivyohivyo. Ndani ya fuwele kuna mistari ambayo mpangilio wa atomu umekosea, safu moja imeishia katikati badala ya kufika mwisho. Wataalamu huiita disilokesheni. Mkazo ukifika, mstari huo wa kosa unatembea kama ule mkunjo wa zulia, na metali inapinda. Kwa miaka 22 mistari hiyo ilikuwa nadharia ya kwenye karatasi. Mwaka 1956 Peter Hirsch na wenzake kule Cambridge waliweka kipande chembamba sana cha alumini chini ya hadubini ya elektroni na kuiona ikitembea.

Ndiyo maana kona ya kibanio inakuwa ngumu. Kila ukipinda, disilokesheni mpya zinazaliwa, zinapishana, zinakwamana kama nyuzi zilizoingiliana, na hakuna inayopata njia. Ukipasha moto waya huo uliokuwa mgumu hadi uwe mwekundu na kuuacha upoe polepole, atomu zinapata nafasi ya kujipanga upya, waya unalainika tena. Na kaboni kidogo ndani ya chuma inafanya kazi yake kwa njia hiyohiyo, inaweka vikwazo njiani.

Mimi hukaa sana kwenye hoja hii kwa sababu inageuza fikra. Fuwele isiyo na kosa lolote ingekuwa na uwezo wa ajabu wa kubeba. Makosa ndiyo yanayofanya metali ikubali kupinda, na huko kukubali ndiko kunakoiokoa. Ili kuona inaokolewa na nini, inabidi tuje kwenye ufa.

Mtazame fundi wa vioo akifanya kazi. Tunasema anakata kioo, lakini hakati kitu. Ana kigurudumu kidogo kigumu mkononi. Anakipitisha mara moja kwenye mstari wa rula, kwa mkono mwepesi, na unasikia mkwaruzo mkavu. Alama iliyobaki ni kama unywele, haina kina cha kutajwa. Kisha anashika kioo pande zote mbili za alama na kukipinda kuelekea chini, mkwaruzo ukiwa juu, upande unaovutwa. Kioo kinaachana kwa mlio mmoja, mnyoofu toka mwanzo hadi mwisho. Karatasi ya kioo ambayo dakika moja iliyopita ingebeba shinikizo la mikono yote miwili imeshindwa na mkwaruzo.

Mwaka 1913 Charles Inglis alionyesha kwa hesabu kinachotokea. Mkazo ukipita kwenye bamba lenye tundu, hauwezi kupita kwenye hewa ya tundu, hivyo unajibana pembeni. Kwa tundu la duara, mkazo wa pembeni unafika mara 3 ya ule wa mbali. Tundu likiwa jembamba na refu, likikaa kukingama na mvuto, ncha zake zinapata shida zaidi: zidisha 2 kwa kipeuo cha pili cha uwiano kati ya urefu wa ufa na nusu kipenyo cha ncha yake, ongeza 1. Chukua mkwaruzo wenye kina cha maikromita 1, wenye ncha kali ya nanomita 1. Uwiano ni 1,000, kipeuo chake cha pili karibu 32. Mkazo kwenye ncha ni zaidi ya mara 60 ya ule ambao mtu anadhani ameuweka.

Alan Griffith, aliyekuwa akifanya kazi Farnborough, Uingereza, alitaka kujua hilo linaishia wapi. Alivuta nyuzi za kioo zilizopashwa moto, nyembamba zaidi na zaidi, akazipima. Uzi wa unene wa milimita 1 hivi ulikatika kwenye mkazo wa karibu megapaskali 170. Uzi wa maikromita 3 hivi, mwembamba mara nyingi kuliko unywele, ulifika karibu 3,400. Kioo kilekile. Uzi mwembamba hauna nafasi ya kuficha ufa mrefu.

Lakini swali lililokuwa likimsumbua, na ambalo mimi lilinisumbua hadi nikashika chaki na kulichora mwenyewe, lilikuwa hili: ikiwa ncha ya ufa ina mkazo wote huo, mbona kila kitu chenye mkwaruzo hakianguki vipande leo hii? Jibu alilolichapisha mwaka 1921 lina uzuri ambao sijachoka kuueleza. Ufa ukirefuka, kuna malipo na kuna mapato. Malipo ni nishati ya kutenganisha atomu na kutengeneza nyuso mbili mpya, nayo inakua sambamba na urefu wa ufa. Mapato ni nishati iliyokuwa imefungwa ndani ya kitu kilichovutwa, ambayo inaachiliwa kandokando ya ufa. Eneo linalolegea linakua kwa mraba wa urefu. Ufa ukiwa mfupi, malipo yanazidi mapato, nao unatulia. Ukipita urefu fulani, mapato yanazidi, na kuanzia hapo hauhitaji msukumo tena. Unajilipia safari. Ukisikia kioo kimepasuka ghafla bila kuguswa, huo ndio urefu uliopitwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tunavyosema, na Griffith alitupa namna ya kupiga hesabu ya siku ya mwisho ya kuziba.

Chuma kinaponea wapi? Ponea yake ni kwenye ncha ya ufa. Mkazo unapopanda pale, disilokesheni zinaanza kutembea, metali inafinyangika, na ncha iliyokuwa kali kama wembe inakuwa butu. Kazi hiyo ya kufinyanga inakula nishati nyingi mno. Kutengeneza mita mraba moja ya ufa ndani ya kioo kunagharimu kama juli 10. Ndani ya chuma laini cha ujenzi kunagharimu kama juli 100,000. Mara elfu kumi. Hapo ndipo penye jibu la kijana wa msumari: kioo kinakishinda chuma kwa kukwaruza, lakini kioo hakina cha kulipa ufa ukishaingia. Sifa hii ya kuweza kulipa mimi huiita ustahimilivu.

Kuna jaribio la kipande cha chaki ambalo ningependa kila msomaji alifanye leo. Chukua chaki nzima, shika ncha zake mbili, isokote kama unayekamua kitambaa, bila kuipinda. Itakatika, na mahali ilipokatika patakushangaza. Hapatakuwa bapa. Utapata mzunguko kama ngazi ya kupanda mnara, ulimi mrefu kwenye kipande kimoja unaokaa vizuri kwenye pengo la kipande kingine, ukizunguka mhimili kwa pembe ya digrii 45 hivi. Ukitaka kujua kwa nini, chora mraba mdogo kwenye ubavu wa sponji ndefu, kisha isokote. Mraba unalala, ulalo wake mmoja unarefuka na mwingine unafupika. Yaani kusokota ni kuvuta kwa upande mmoja wa mshazari na kubana kwa upande mwingine. Chaki inavumilia kubanwa lakini haivumilii kuvutwa, basi inafunguka pale inapovutwa. Fimbo ya chuma laini ukiisokota hadi mwisho inakatika bapa, kama iliyokatwa kwa msumeno, kwa sababu yenyewe inashindwa kwa tabaka kuteleza juu ya tabaka. Namna ya kuvunjika ni saini. Wapelelezi wa ajali wanaisoma kila siku.

Zege ni ndugu wa chaki. Linabeba megapaskali 20 hadi 40 likibanwa, lakini likivutwa linashindwa kwenye kama sehemu moja ya kumi ya hapo. Ndiyo sababu ya nondo. Boriti iliyolala juu ya nguzo mbili inanepa katikati, upande wa chini unavutwa, nondo zinawekwa chini. Lakini juu ya nguzo ya katikati, boriti inapoendelea pande zote mbili, mambo yanageuka: upande wa juu ndio unaovutwa. Galileo alisimulia mwaka 1638 kisa cha nguzo kubwa ya marumaru iliyolazwa juu ya magogo mawili. Fundi mmoja, kwa nia njema, akashauri kuongezwa gogo la tatu katikati ili isivunjike kwa uzito wake. Baada ya miezi ilikutwa imevunjika palepale juu ya gogo la katikati. Gogo moja la mwisho lilikuwa limeoza na kuzama, la katikati likabaki imara, nusu ya nguzo ikawa inaning'inia hewani. Jiwe lilivutwa upande wa juu, na jiwe halijui kuvutwa.

Nilisema chuma kinastahimili. Inabidi niongeze sharti moja. Usiku wa tarehe 16 Januari 1943, meli ya mafuta Schenectady ilikuwa imefungwa gatini Portland, Marekani, imetoka kufanyiwa majaribio baharini. Maji yalikuwa shwari, hali ya hewa ya baridi. Ghafla, kwa kishindo, ufa ukapita sitaha na kushuka mbavu zote mbili. Meli ikakunjika katikati, imeshikiliwa na bamba za chini tu. Hakuna wimbi wala mwamba. Meli nyingine za wakati ule wa vita nazo zilipata nyufa, na wengi waliwalaumu mafundi wa kuchomelea. Constance Tipper, wa Cambridge, alionyesha kwamba kiini kilikuwa chuma chenyewe: chini ya joto fulani, chuma cha aina ile kinaacha kufinyangika na kuanza kupasuka kama kioo. Disilokesheni zinahitaji joto ili zitembee kwa wepesi. Kuchomelea kulichangia kwa njia nyingine. Kwenye meli za riveti, ufa ukifika ukingo wa bamba unakutana na pengo na kuishia hapo. Meli iliyochomelewa ni kipande kimoja, na ufa una njia nyeupe kutoka upande hadi upande.

Na kuna kuchoka. Kibanio cha karatasi hakikukatika kwa kupindwa sana. Kilikatika kwa kupindwa mara nyingi. Bandubandu huisha gogo. Tarehe 8 Mei 1842 ekseli ya injini ya treni ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, watu wengi wakafa kwa moto, na wahandisi wakabaki wanajiuliza vipi chuma kilichobeba mzigo uleule kwa muda mrefu kinaweza kukatika siku moja ya kawaida. August Wöhler, kwenye reli za Ujerumani, alitumia miaka mingi akizungusha ekseli kwenye mitambo na kuhesabu mizunguko. Aligundua kwamba mkazo ulio chini kabisa ya ule wa kuvunja mara moja unaweza kuvunja baada ya mizunguko mamilioni. Chuma, kwa kukadiria, kina kiwango ambacho chini yake kinaweza kuzungushwa bila kikomo. Alumini haina. Kila mzunguko unaacha deni.

Deni hilo lililipwa hewani mwaka 1954, ndege mbili za abiria za de Havilland Comet zilipopasuka angani, Januari na Aprili. Wachunguzi walichukua ndege nyingine ya aina hiyo, wakaiweka ndani ya tangi la maji kule Farnborough, wakajaza na kupunguza shinikizo ndani yake mara kwa mara kuiga kupaa na kutua. Ngozi yake ilipasuka ilipofikisha safari 3,057, ukijumlisha zile ilizoruka kweli. Mkazo ulikuwa umejibana kwenye kona za matundu yaliyokatwa kwenye ngozi, pale Inglis alipotuonya mwaka 1913. Ukikitazama chuma kilichokufa kwa kuchoka, uso wa mpasuko mara nyingi una mistari iliyopindana kama alama za maji yanayopungua ufukweni. Kila mstari ni mahali ufa uliposimama kabla ya kuendelea. Kisha sehemu ya mwisho ni mbaya na yenye chengachenga, pale kilichobaki kilipozidiwa kwa mara moja.

Kuna jambo moja ambalo hufanywa na mafundi wa bamba na vyombo vya chuma, ambalo wanafunzi hulikataa kwanza wakilisikia. Wakikuta ufa kwenye bamba, na hakuna namna ya kulibadilisha siku hiyo, wanatafuta mwisho wa ufa kwa makini, kisha wanatoboa tundu la duara hapohapo kwenye ncha. Wanaongeza tundu kwenye kitu ambacho tayari kimeharibika. Hesabu ya Inglis inawaunga mkono: ufa wa milimita 10 wenye ncha kali kama nanomita chache unazidisha mkazo mara maelfu, lakini ncha hiyohiyo ikiwa na nusu kipenyo cha milimita 3 inazidisha kama mara 4 au 5 tu. Wasipoipata ncha yenyewe wakatoboa nyuma yake, ufa unaendelea na safari.

Nilimpa yule kijana wa msumari vipande viwili vya karatasi ya plastiki vilivyo sawa, kila kimoja kikiwa na mkato wa wembe wa sentimita 2 ubavuni. Cha pili nilikitoboa mwisho wa mkato kwa kitoboleo cha faili. Akavuta cha kwanza, kikachanika hadi mwisho kwa mvuto mdogo. Akavuta cha pili. Akavuta tena, akazungusha ncha za plastiki viganjani, mkato ukafunguka kama mdomo, lile tundu likarefuka likawa kama yai, na plastiki ikaanza kuwa nyeupe kandokando yake. Aliinama akalitazama kwa karibu bila kulegeza mikono. "Mwalimu," akasema, "inafinyangika."